Pazia la Vibao: Kutoka Kamba Hadi Mota

Kwa zaidi ya miaka mia mbili, pazia la vibao vya mlalo liliishi kwa kamba. Kamba moja ilinyanyua vibao vyote hadi juu ya dirisha, nyingine ikavigeuza ili mwanga uingie kwa kiasi au usiingie kabisa, na vibao vyenyewe vilikaa juu ya tepe au kamba nyembamba zilizofungwa mfano wa ngazi. Ukizikata kamba hizo, kinachobaki ni rundo la mbao. Ndiyo maana historia ya kifaa hiki, tangu karakana za karne ya 18 hadi mota inayoitikia rimoti leo, inaeleweka vizuri zaidi ikifuatwa kwa njia ya kamba: nani aliitengeneza, nani aliivuta, na ilimdhuru nani.

Waingereza walilihusisha pazia hili na Venice, mji wa wafanyabiashara ulioingiza Ulaya bidhaa nyingi za Mashariki. Hataza za mwanzo, hata hivyo, zilitolewa London. Mwaka 1760 ilitolewa moja kwa Gowin Knight, ambaye hakuwa seremala wala muuza mapazia. Alikuwa daktari aliyezama katika utafiti wa sumaku. Dira alizozibuni zilitumika katika manowari za Uingereza, na ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa maktaba katika British Museum. Tarehe 11 Desemba 1769 Edward Beran naye akapata hataza ya pazia lake. Inapendeza kwamba mtu wa sumaku ndiye anayesimama mwanzoni mwa habari hii, kwa kuwa mota zinazozungusha mapazia siku hizi zinaendeshwa na nguvu ileile ya sumaku ambayo Knight aliitafiti maisha yake yote.

Ng'ambo ya Atlantiki, kanisa la St. Peter's mjini Philadelphia lilifungiwa mapazia ya vibao mwaka 1761. Mwaka 1767 fundi aliyeitwa John Webster, mtu wa London, alikuwa akiyatangaza kwa wakazi wa mji huo. Walioyanunua walikuwa wenye uwezo. Kila kibao kilirandwa kwa mkono, kikapakwa rangi, kikatobolewa njia ya kamba, ndipo kikapangwa na wenzake juu ya tepe za kitambaa zilizoshonwa kwa vipimo sawa. Tepe moja ikipishana na nyingine hata kidogo, pazia zima hukaa upande.

Na huko kusini mwa makoloni hayo, ambayo punde yakawa Marekani, mkono uliotengeneza na mkono uliovuta mara nyingi ulikuwa wa mtumwa. Monticello, Virginia, Thomas Jefferson alizungushia sehemu ya vyumba vyake vya faragha vibaraza vya vibao vya mbao ili apate hewa bila kuonekana na wageni waliojaa uwanjani. Useremala mzuri wa nyumba ile ulitoka kwa mafundi kama John Hemmings, aliyezaliwa utumwani na ambaye uhuru wake ulitokana na wosia alioacha Jefferson mwaka 1826. Watu wa namna hii wanastahili kutajwa kila ustadi wa nyumba zile unaposifiwa.

Kunyanyuka ni kazi moja ya pazia hili, kugeuka ni ya pili, na hiyo ya pili ndiyo yenye thamani kubwa. Tarehe 21 Agosti 1841 John Hampson wa New Orleans alipewa hataza ya Marekani kwa kifaa cha kurekebisha pembe ya vibao. Pazia la kitambaa lina hali mbili tu, limefungwa au limefunguliwa. Vibao vinaweza kupitisha upepo huku vimezuia jua. Vinaweza kuielekeza nuru darini, chumba kikawa na mwanga bila mtu kuumizwa macho. Vinaweza pia kumficha aliye ndani huku yeye mwenyewe akiona barabara yote.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na jibu lake kwa haja hiyohiyo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba nyingi zilizojengwa au kupambwa upya katika karne ya 19 zina madirisha marefu yenye mabawa ya mbao na vibao vilivyoinamishwa, na katika baadhi yake vibao hugeuzwa kwa ufito mmoja ulioshikana navyo wima. Wafanyabiashara na mafundi wa Kihindi walichangia sana mtindo huu, ukachanganyika na ujenzi wa Waarabu na wa Waswahili waliokuwa tayari na utaalamu mkubwa wa mbao. Upepo wa kaskazi na wa kusi hupita, jua la mchana hubaki nje, na mambo ya ndani hayatazamwi kutoka uchochoroni. Kamba haimo kabisa. Anayetaka dirisha wazi husukuma bawa zima. Karne ya 20 ilileta luva za vioo, zikafungwa katika shule, hospitali na nyumba za watumishi wa serikali kote katika ukanda huu, nazo zikageuzwa kwa mkono mdogo wa chuma ulio pembeni.

Zanzibar hiyohiyo iliuona umeme mapema. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilikuja kuwa jengo la kwanza visiwani kuwa na taa za umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Umeme uliwapandisha watu ghorofani, lakini madirisha yaliendelea kufunguliwa kwa mkono. Kuupeleka umeme dirishani kulihitaji mota ndogo mno kuliko ya lifti, iliyo kimya, na yenye bei ambayo mwenye nyumba angeweza kuifikiria. Mota ya namna hiyo ilikuwa bado mbali.

Kabla yake lilikuja ghorofa refu. Empire State Building ilifunguliwa New York tarehe 1 Mei 1931 ikiwa na ghorofa 102 na madirisha zaidi ya 6,000, na kampuni ya Burlington Venetian Blind ya Vermont ndiyo iliyopata kazi ya kuyatengenezea mapazia, mojawapo ya maagizo makubwa kuliko yote yaliyowahi kutolewa katika biashara hiyo. Jengo la RCA katika Rockefeller Center, lililofunguliwa mwaka 1933, nalo lilitumia vibao. Kuanzia hapo pazia la vibao likawa sura ya kawaida ya ofisi.

Uzito uliondolewa na alumini. Henry Sonnenberg, Mjerumani aliyekuwa amehamisha biashara zake kwanza Uholanzi na baadaye Marekani, aliungana na Joe Hunter, na mwaka 1946 wakapata namna ya kutoa utepe mwembamba wa alumini kwa mfululizo bila kusimamisha mashine. Kampuni iliyozaliwa, Hunter Douglas, ikauza vibao vyepesi, visivyovimba kwa unyevu, visivyoliwa na mchwa. Plastiki ilifuata na kuyashusha mapazia hadi bei ya duka la kawaida. Urahisi huo ulikuja na madhara yake. Mwaka 1996 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, CPSC, iligundua kwamba baadhi ya mapazia ya plastiki yaliyoingizwa nchini humo yalikuwa na risasi, na kwamba jua na joto viliichakaza plastiki mpaka vumbi la madini hayo likajikusanya juu ya vibao. Mtoto aliyegusa kibao kisha akatia kidole mdomoni alikula sumu. Familia zenye watoto wadogo zikashauriwa kuyatupa.

Mota ya mapazia ina mji wake, nao uko mbali na New York. Ni Cluses, mji mdogo katika bonde la mto Arve, milima ya Savoie, si mbali na Geneva. Takriban mwaka 1720 Claude-Joseph Ballaloud alirudi katika kijiji cha jirani cha Saint-Sigismond akiwa na ufundi wa saa, akaanza kuwafundisha vijana. Majira ya baridi theluji hufunga mashamba ya huko kwa miezi mingi, na mkulima aliyekuwa na benchi karibu na dirisha aliweza kuchonga magurudumu na skrubu ndogo, kisha akaziuza kwa watengeneza saa wa Geneva. Kizazi baada ya kizazi, bonde zima likajua kukata chuma kwa usahihi wa hali ya juu.

Juni 1844 moto uliiteketeza Cluses karibu yote. Mji ulijengwa upya kwa mpango wa mitaa iliyonyooka, na mwaka 1848 Ufalme wa Sardinia, uliotawala Savoie wakati huo, ukaanzisha hapo shule ya kifalme ya ufundi wa saa. Savoie iliingia Ufaransa mwaka 1860. Saa za Geneva zilipoacha kutegemea vijiji, karakana za Arve hazikufa. Ziligeukia vipande vidogo vya chuma vya kila namna, vya magari, vya ndege, vya vyombo vya nyumbani, na bonde hilo hadi leo linajulikana katika viwanda vya Ulaya kwa kazi hiyo.

Katika udongo huo ndipo ilipoota Somfy, mwaka 1969. Kampuni hiyo ilijipatia jina kwa mota ya bomba, yaani mota nyembamba inayoingia yote ndani ya bomba ambalo turubai la kivuli au vibao vya kukunja vya dirisha huzungushiwa. Nje haionekani. Mota ya kawaida huzunguka haraka sana na kwa nguvu ndogo, kwa hiyo ndani ya bomba hilo hilo kuna gia kadhaa zinazopunguza kasi na kuongeza nguvu, breki inayoshika mzigo umeme ukikatika, na kifaa kinachohesabu mizunguko ili mota ijue pa kusimama juu na chini. Kuvipanga vitu vyote hivyo katika kipenyo kidogo, vikafanya kazi kwa miaka bila kuguswa, ni kazi inayohitaji mkono wa mtengeneza saa. Ni vigumu kuamini kwamba ilianza katika bonde hilo kwa bahati tu.

Pazia la vibao vya mlalo lilikuwa gumu zaidi kulitia mota kuliko kivuli cha turubai, kwa sababu ya zile kazi zake mbili. Suluhisho lililoenea ni la werevu mkubwa. Mota hukaa ndani ya reli ya juu na kuzungusha ufito mmoja unaopita katika reli yote, na juu ya ufito huo kuna vigurudumu vya kukunjia kamba. Mota inapoanza kunyanyua, mzunguko wa kwanza hugeuza ngazi, vibao vikainama hadi mwisho wake. Hapo kishikizo cha ngazi huteleza bila kuvuta tena, na mizunguko inayofuata hukunja kamba za kunyanyulia. Mota ikirudishwa nyuma kidogo, vibao hugeuka mahali vilipo. Mota moja, ufito mmoja, kazi mbili. Mapazia mengi ya mbao ya nyumbani hutumia njia rahisi zaidi: mota hugeuza vibao tu, na kunyanyua kunabaki kwa mkono, kwa kuwa vibao vya mbao ni vizito na betri ndogo zingeisha haraka.

Mota iliuzwa kwanza kwa sababu ya raha, na kwa sababu ya madirisha yaliyo juu kiasi ambacho mkono haufiki. Lakini huduma yake kubwa kwa watu ni nyingine, nayo haikutangazwa sana. Iliondoa kamba iliyokuwa ikining'inia.

Kwa hesabu za CPSC, watoto wapatao tisa wa umri wa miaka mitano na chini hufa kila mwaka nchini Marekani kwa kunyongwa na kamba za mapazia na vifuniko vya madirisha. Hutokea kimya, mara nyingi katika chumba ambamo mzazi ameamini mtoto amelala salama, kwa sababu kamba inayobana shingo haimwachi mtoto alie. Kitanda kimewekwa chini ya dirisha, mtoto amejifunza kusimama, kamba iko mbele ya uso wake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji walikata vitanzi vya mwisho wa kamba. Mwaka 2000 wakaongeza vizuizi vya kamba za ndani, zile zinazopita katikati ya vibao, kwa kuwa nazo zilivutika zikawa kitanzi. Desemba 2009 yalitangaziwa ukarabati mapazia ya kukunja yapatayo milioni 50. Kila hatua ilipunguza hatari, na kila hatua iliiacha kamba palepale.

Ulaya iliimarisha kiwango chake cha EN 13120 mwaka 2014, kikitaka kamba na vitanzi vikae mbali na sakafu au viachie vikivutwa. Marekani ilifika mbali zaidi kwa awamu. Kuanzia Desemba 2018 mapazia yanayouzwa yakiwa tayari dukani yalitakiwa yasiwe na kamba, au kamba zake zisifikike. Novemba 2022 CPSC ilipitisha kanuni kwa yale yanayotengenezwa kwa oda, mahakama ya rufaa mjini Washington ikaifuta Septemba 2023 baada ya chama cha watengenezaji kuipinga, lakini kiwango cha hiari cha tasnia yenyewe, kilichoanza kutumika tarehe 1 Juni 2024, kikafunga njia karibu ileile. Wazazi waliofiwa ndio waliolisukuma jambo hili kwa miongo mingi. Bila wao lingelala kwenye makabati.

Viwango hivyo havivuki bahari vyenyewe. Katika maduka ya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala mapazia yenye kamba ndefu bado yanauzwa waziwazi, na mnunuzi mwenye mtoto nyumbani hana budi kujilinda: aombe la kusukuma kwa mkono au la mota, na lile la zamani lifungiwe kibanio cha kamba ukutani, juu ya kimo cha mtoto, na kitanda kihamishwe.

Kwa anayeamua kufunga la mota, kazi huanza na tepu. Dirisha hupimwa upana mahali patatu, juu, katikati na chini, kwa kuwa kuta zilizopigwa lipu kwa mkono hazinyooki, na kipimo kidogo kuliko vyote ndicho kinachochukuliwa ikiwa pazia litaingia ndani ya fremu. Pembe nazo hupimwa kwa mshazari, kutoka kona hadi kona. Kina cha fremu lazima kitoshe reli nzima, kwani reli ya mota mara nyingi ni pana kuliko ya kamba. Mabano hukaa miisho yote miwili, na reli ndefu huongezewa la katikati ili isipinde. Pima maji ni ya lazima: reli ikiinama kidogo tu, vigurudumu hukunja kamba kwa urefu tofauti na vibao hupanda mshazari mpaka mota ikwame.

Umeme ndio unaotaka tahadhari zaidi. Mota iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120, nayo itaungua ikichomekwa katika soketi ya Tanzania ya volti 230 au ya Kenya ya volti 240. Mota mbili za umeme wa ukutani haziunganishwi sambamba kwenye swichi moja bila rilei, kwa maana umeme hurudi kutoka moja hadi nyingine na kuziharibu zote. Hiyo ni kazi ya fundi umeme aliyesomea. Penye kukatika umeme mara kwa mara, mota za volti 12 au 24 zenye betri ya kuchaji, na hata kipande cha sola kilichobandikwa kiooni, zinafaa zaidi kuliko zile zinazotegemea gridi.

Mahali pa kuanzia ni madirisha ya mashariki na magharibi. Karibu na ikweta jua la adhuhuri liko karibu utosini na paa lenye ukingo mrefu hulizuia, ilhali la saa tisa alasiri huingia kwa mshazari hadi kwenye kochi. Pazia lililo ndani ya kioo hupunguza mng'ao vizuri, lakini joto limekwisha kuingia. Lililo nje, kama mabawa yale ya Mji Mkongwe, hulizuia kabla. Vibao vya nje vyenye mota mara nyingi huja na kipima upepo kinachovikunja vyenyewe tufani inapoanza.

Utunzaji wake ni mwepesi ukifanywa kwa ratiba. Vibao hufungwa upande mmoja, vikafutwa kwa kitambaa laini, kisha vikageuzwa na kufutwa upande wa pili, maana vumbi likiungana na mvuke wa jikoni huwa gundi. Vya mbao havimwagiwi maji. Pwani, chumvi hula mabano ya chuma cha kawaida, na skrubu za chuma kisichoshika kutu hulipa gharama yake. Mota ya umeme wa ukutani ikichezewa mfululizo kwa dakika kadhaa hujizima ili isiungue, na wengi huita fundi kumbe ilihitaji kupoa tu. Kamba nazo bado zipo, zimefichwa ndani ya reli na kati ya vibao, na ndizo zinazochakaa kwanza. Kamba ya ngazi iliyolika hubadilishwa na fundi yeyote mwenye subira, lakini mota iliyokufa kwa kawaida hubadilishwa nzima. Namba yake imeandikwa kwenye kibandiko ndani ya reli, mahali pasipoonekana tena reli ikishapachikwa, kwa hiyo hunakiliwa kabla, pamoja na namna ya kuiunganisha upya na rimoti, kwa kuwa hayo mawili ndiyo muuzaji atakayouliza siku rimoti ikipotea.